Venceremos: Wakati Ujao wa Nachingwea na Ruangwa

Kila mwaka, wanafunzi wanapogombana na utawala juu ya mikopo au chakula, nasikia neno lilelile likipazwa kwenye viunga vya chuo: “Aluta!” Wengine huitikia: “Continua!” Wengi wao hawajui kwamba neno hilo ni la Kireno, kwamba kwa asili ni maneno mawili, *a luta*, yaani “mapambano”, na kwamba lilitufikia kutoka kwa wapigania uhuru wa Msumbiji waliokaa katika ardhi yetu. Wasiojua hayo hawana lawama. Maneno husafiri bila pasipoti. Ninachokisikitikia ni jambo jingine: tuliazima neno la wakati uliopo, “yanaendelea”, tukaliacha neno la wakati ujao lililokuwa likitamkwa pamoja nalo. Neno hilo ni *venceremos*. Leo nataka kuliandikia, kwa sababu naamini lina somo kwa taifa linaloishi kwa kuahidiwa.

Mimi ni mtu wa kusini. Nimekulia Nachingwea, na ujombani kwangu ni Ruangwa. Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja ambaye enzi za ujana wake aliendesha lori la kupeleka nafaka kwenye kambi ya FRELIMO. Ukimwamkia “Shikamoo, babu”, alijibu “Marahaba”, kisha akaongeza kwa sauti ya kijeshi: “Venceremos!” Sisi watoto tulidhani ni jina lake. Tulimwita Babu Wenseremo, naye hakutukataza. Alipoulizwa maana yake, alisema tu, “Tutashinda.” Kushinda nini, hakusema. Kwa kijana wa Nachingwea wakati ule jibu lilikuwa gumu kulikisia, maana vita vilikuwa vimekwisha, Wamsumbiji walikuwa wameondoka, na sisi tulikuwa tunashinda juani kwenye mikorosho.

Kambi yenyewe ilijulikana kwa jina la Farm 17. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chini ya Eduardo Mondlane. Tarehe 25 Septemba 1964 ikaanza mapambano ya silaha huko Chai, Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Nachingwea ikawa chuo chake kikuu cha mafunzo ya kisiasa na kijeshi. Hapo walikutana Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wanyanja na Washangaani, wanaume na, tangu mwaka 1967, kikosi cha wanawake. Wengi wa kaskazini walijua Kiswahili. Wengi wa kusini hawakukijua. Uongozi ukachagua Kireno, lugha ya mkoloni waliyekuwa wakipigana naye, kiwe lugha ya umoja. Ndiyo maana mzee wetu, Mtanzania asiyewahi kufika Lisbon wala Lourenço Marques, alibaki na neno la Kireno mdomoni mwake hadi uzeeni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari ni mwalimu wa chuo, nilianza kujifunza Kihispania jioni kwa daktari mmoja Mtanzania aliyesomea udaktari Cuba. Tulipofika kwenye wakati ujao, aliandika ubaoni kitenzi *vencer*, kushinda, kisha akakinyambua: *venceré, vencerás, vencerá, venceremos, venceréis, vencerán*. Nikamwambia kwamba neno la nne nalijua tangu utotoni. Akacheka. “Basi, mwalimu, wewe ulianza darasa kabla yangu,” alisema. Neno ni lilelile katika Kihispania na Kireno, kwa herufi na kwa maana. Matamshi tu ndiyo yanayotofautiana. Akanionyesha pia kwamba katika orodha ile ni hilo peke yake lisilobeba alama ya mkazo. “Sisi” haihitaji kuwekewa alama, alisema, inasikika yenyewe.

Kilichonishika zaidi ni asili ya umbo hilo. Warumi wa kale walikuwa na wakati ujao wao. “Tutashinda” kwao ilikuwa *vincemus*. Umbo hilo lilikufa midomoni mwa watu. Wasemaji wa Kilatini cha mitaani walianza kusema kwa namna nyingine: walichukua kitenzi kisichonyambuliwa, “kushinda”, wakakiambatanisha na kitenzi cha “kuwa na”. Wakasema, kwa maneno yetu, “kushinda tunako”. Kwao maana yake ilikuwa “tuna kazi ya kushinda”, yaani tunawajibika kushinda, liko mikononi mwetu. Baada ya karne nyingi maneno hayo mawili yakagandana. *Vencer* na *hemos* zikawa *venceremos*. Kireno cha maandishi rasmi bado kinaonyesha kovu la uunganisho huo, kwa kuwa kinaruhusu kukipasua kitenzi na kuingiza mtendwa katikati: *vencê-los-emos*, “tutawashinda”. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo, kwa kuwa sisi tunaweka “-wa-” katikati ya kitenzi kila siku.

Niliporudi nyumbani usiku ule nilijiuliza swali ambalo mwalimu wa Kihispania hakuwa na wajibu wa kulijibu: na “-ta-” yetu imetoka wapi? Jibu limo katika sarufi tunayoitumia bila kuifikiria. Tunasema “mgeni atakuja”, lakini tukitaka kuweka kirejeshi tunasema “mgeni atakayekuja”. Ile “-taka-” iliyofichama hujitokeza yenyewe. Wakati ujao wa Kiswahili umetokana na kitenzi “kutaka”. “Tutashinda” ni “tunataka kushinda” iliyofupishwa na matumizi.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Lugha mbili, watu wawili wanaotazama kesho: mmoja anaijenga kesho kwa alichonacho, mwingine anaijenga kwa anachokitaka. Sidai kwamba mzungumzaji wa Kihispania ni mkweli zaidi kwa sababu ya sarufi yake. Historia ya Amerika ya Kusini ingenisuta mara moja. Wala simwambii mtu yeyote kwamba Waswahili ni watu wa kutaka tu. Asili ya neno haimfungi anayelitumia leo. Lakini asili hiyo inatupa kipimo kizuri cha kupimia ahadi: anayesema “-ta-” ana nini mkononi, mbali na kutaka?

Nachingwea imepimwa kwa kipimo hicho zaidi ya mara moja.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga Tanganyika. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, haina mafuta ya kupikia ya kutosha. Mpango ulikuwa kufyeka ekari 3,210,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ikajengwa kuingia bara hadi Nachingwea, na Mtwara ikapata bandari ya kina kirefu. Kilikuwa kizazi cha “-ta-” kubwa kuliko zote zilizowahi kutamkwa kusini. Lakini waliotamka hawakuwa na vipimo vya mvua vya kutosha, hawakuijua ardhi ya Kongwa inayokauka ikawa kama saruji, wala hawakuwauliza wenyeji waliokuwa wakilima karanga kabla yao. Januari 1951 mradi ulifutwa, baada ya hasara ya pauni milioni 36 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Walikuwa na fedha, walikuwa na mamlaka, walikuwa na kutaka kwingi. Hawakuwa na maarifa ya mahali.

Mara ya pili ni hiyo ya FRELIMO, tena katika ardhi ileile. Farm 17 lilikuwa shamba la mradi wa karanga; jina lake la Kiingereza ni namba iliyobaki baada ya ahadi kufa. Walioingia humo katika miaka ya 1960 walikuja na silaha chache na adui mwenye ndege. Lakini tukiorodhesha walichokuwa nacho, tunaona “-emos” yao ilisimama juu ya kitu. Walikuwa na nchi jirani iliyokubali kuwa ngome yao ya nyuma, hata vijiji vyake vya mpakani vilipopigwa mabomu. Walikuwa na Kamati ya Ukombozi ya OAU, makao yake Dar es Salaam. Walilima mashamba yao wenyewe, wakasomesha watoto, wakatibu majeruhi, wakawafunza watu wa makabila mengi kula sahani moja. Walimpoteza Mondlane kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969, wakampata Samora Machel. Mwezi Mei 1975 Samora aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma, akaipita nchi yake yote kwenda kusini, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Neno la mzee wetu wa lori lilikuwa limetimia.

Liko pia jaribio lililoshindwa, nalo linafundisha vilevile. Neno *venceremos* lilipata umaarufu wa dunia kupitia Cuba, Fidel Castro alipoliambatanisha mwaka 1960 na msemo wake wa “nchi au kifo”. Mwaka 1965 Che Guevara alipita Dar es Salaam na Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo. Alijipa jina la Kiswahili, Tatu. Yeye na wenzake walikuwa na ujuzi wa vita na ujasiri usio na shaka. Kufikia Novemba mwaka huohuo walilazimika kuondoka. Hapakuwa na “sisi” ya kutosha ng'ambo ile ya ziwa. Kiambishi cha nafsi hakiazimwi kutoka nje.

Kwa hiyo naona somo la Mwalimu Nyerere la Novemba 1978, Idi Amin alipoivamia Kagera, kwa macho mapya. Kila Mtanzania wa umri wangu anaikumbuka hotuba ile: kazi ni moja, kumpiga, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nguvu ya maneno yale ilikuwa katika “tunao” na “tunayo”. Nyerere hakusoma sarufi ya Kihispania kwetu siku ile, lakini aliujenga wakati ujao kwa njia ileile ya *venceremos*: aliiegemeza kesho juu ya vitu tulivyokuwa navyo leo, akavitaja kimoja kimoja, ili kila msikilizaji aweze kuvihakiki. Nia, ambayo ndiyo “-taka-” yetu, imo ndani ya orodha. Imo pamoja na vingine viwili.

Sasa niwapeleke Ruangwa. Miaka michache iliyopita nilikuwa ujombani wakati wa mkutano wa kijiji. Mgeni rasmi, ambaye sitamtaja, alizungumza kwa saa nzima. Tutajenga zahanati. Tutachimba kisima. Tutaleta umeme hadi vitongojini. Tutahakikisha vijana wanafaidika na madini. Alipomaliza, mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka alisimama, akamshukuru kwa adabu zote, kisha akasema: “Mheshimiwa, leo umetulimia matuta mengi. Tunaomba utuonyeshe na mbegu.” Watu walicheka, na mheshimiwa naye akacheka, huenda bila kuelewa. Mama yule aliisikia “tuta” katika kila “tutajenga”, akaifanya tuta la shamba. Sijapata kusikia uchambuzi wa hotuba ya kisiasa uliokuwa mfupi na kamili kuliko ule. Tuta bila mbegu ni udongo uliorundikwa.

Swali lake si dogo katika wilaya hizi mbili. Chini ya ardhi ya Ruangwa kuna kinywe, na Ntaka, wilayani Nachingwea, kuna nikeli; yote ni madini yanayotafutwa na dunia kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Ruangwa ilikuwa jimbo la Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015, kwa miaka kumi hivi. Korosho ni dhahabu ya juu ya ardhi. Lakini mkulima wa huku anakumbuka Novemba 2018, serikali ilipotangaza kwamba itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaitwa kuisomba. Bei ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuja kwenye tarehe ya malipo, ambayo kwa wengi ilisogea na kusogea huku ada za shule zikisubiri. Nilikuwa na ndugu miongoni mwa waliosubiri. Hapo “itanunua” ilitimia katika ghala kabla ya kutimia mfukoni.

Mwalimu wangu wa Kihispania alinifundisha kwamba wakati ujao una kazi tatu. Unaahidi, unaamuru, na unakisia. Amri za Mungu katika Biblia ya Kihispania zimeandikwa kwa wakati ujao: *No matarás*, “hutaua”, maana yake usiue. Na mtu akijiuliza rafiki yake yuko wapi husema *¿Dónde estará?*, akikisia tu. Kiswahili kina kazi hizohizo. Mkuu wa idara akimwambia mtumishi “Utaripoti Ruangwa Jumatatu”, hiyo ni amri. Na mtumishi akimwambia mwananchi dirishani “Fedha zitakuwa zimeshaingia”, hicho ni kisio. Taabu huanza pale kisio kinapovaa nguo za ahadi. Mwananchi hupanda gari kutoka kijijini, hulipa nauli ya kwenda na kurudi, kwa sababu ya “zitakuwa” ambayo aliyeitamka hakuihakiki. Ndugu zangu watumishi wa umma, naandika haya kwa heshima: mkiwa mnakisia, semeni mnakisia. “Sijui, nitauliza, rudi Alhamisi” ni sentensi yenye heshima kubwa, mradi Alhamisi ifike pamoja na jibu.

Kuna jambo jingine katika *venceremos*, nalo ni nafsi. Neno lile linasema “sisi” na halina mahali pa kujificha. “Tu-” yetu nayo ni hivyo, lakini angalieni safari yake katika siasa zetu. Wakati wa kuahidi husemwa “tutajenga”. Jengo likisimama husikika “nimejenga”, au husemwa kwamba kiongozi fulani ametoa fedha, kana kwamba amezitoa mfukoni mwake. Lisiposimama husomwa katika taarifa kwamba “ujenzi haukukamilika kutokana na changamoto zilizojitokeza”. Nafsi ya kwanza wingi huingia kwenye ahadi, hutoka kwenye sifa, na haionekani kabisa kwenye lawama.

Na wanaharakati wasidhani wamesalimika. Tunapoandika “tutashinda” kwenye mabango yetu, hatuna budi kukumbuka kwamba vitenzi vyote viwili vina maana ya pili, tena zote zinahusu wakati. *Vencer* kwa Kihispania ni kushinda, lakini ni pia kuisha kwa muda: deni likifikia tarehe yake, au dawa ikipitwa na siku yake, husemwa kitenzi hichohicho. Kwetu, “kushinda” ni kupata ushindi, na ni kukaa kutwa. Mtu hushinda njaa. Harakati isiyo na orodha ya ilichonacho inaweza kutamka neno la ushindi, na umma ukalisikia neno la kutwa.

Ushindi wenyewe pia una tarehe ya kuisha. Cabo Delgado, mkoa ambako risasi ya kwanza ya FRELIMO ililia mwaka 1964, uliwaka tena Oktoba 2017 kwa vita vingine, huko Mocímboa da Praia. Vijana wa eneo lenye gesi na rubi walijiona hawamo katika “sisi” ya waliotawala. Wakimbizi walivuka Ruvuma kuja upande wetu, katika njia zilezile za wazazi wao. Sihalalishi hata tone la damu iliyomwagwa na wauaji wale. Nasema tu kwamba kambi ya Farm 17 iliwaunganisha watu kwa kula sahani moja, na sahani hiyo ikitoweka baada ya ushindi, neno peke yake haliwezi kuwaunganisha. Sisi tulio kaskazini ya mto, tulio na kinywe na nikeli chini ya miguu ya vijana wasio na ajira, tuna sababu ya kulitafakari hilo mapema.

Kwa wanafunzi wangu, basi, nina ombi. Endeleeni kusema “aluta”, ni urithi wenu halali. Lakini mkimaliza kuimba, kaeni chini muulizane kama Nyerere alivyoorodhesha: uwezo tunao upi, sababu tunayo ipi, nia tunayo kiasi gani, na “sisi” ni akina nani hasa. Mkisikia bajeti ikisomwa, chukueni kalamu mchore mistari miwili. Upande mmoja andikeni kila “-ta-”, upande wa pili andikeni “tunayo” inayoibeba: kifungu cha fedha, tarehe, jina la ofisi inayowajibika. Penye upande wa pili mtupu, ulizeni. Msiulize kwa matusi. Ulizeni kwa adabu ya yule mama wa Ruangwa, aliyeshukuru kwanza, kisha akadai mbegu.